Lisianthasi za harusi zilininyaukia: nilikosea wapi?

UmmuSalha, Mombasa
Wenzangu, naomba msaada. Mwezi uliopita binamu yangu aliolewa, mimi nikabeba dhamana ya maua. Nilikwenda mpaka City Market, Nairobi, nikanunua lisianthasi za zambarau na nyeupe, mafungu 10. Nilichagua zenye matumba yaliyofumba kabisa, kama ninavyochagua waridi, ili zifunguke siku ya harusi. Nikazifunga kwa nailoni zisikauke, nikarudi nazo kwa basi la usiku. Siku ya tatu matumba yalikuwa yaleyale ya kijani, shingo zimelala, na machache yaliyofunguka yana madoadoa ya kahawia. Bi harusi hakusema neno, lakini niliumia sana. Sasa mdogo wangu wa tumbo moja anaolewa baada ya wiki tatu, naye anayataka maua hayohayo.

MuuzaMaua_Nbi
Pole sana dada. Nauza maua mwaka wa 11 huu, na wateja wengi hukosea hapohapo. Lisianthasi hufanana na waridi kwa sura tu. Shina moja lina maua kadhaa yanayofunguka kwa kupokezana, na tumba dogo la kijani likishakatwa halina nguvu ya kufunguka. Chukua shina lenye maua mawili yaliyokwisha kufunguka na matumba mawili matatu yanayoonyesha rangi. Usiliogope ua lililo wazi, linakaa! Likitunzwa, shina zuri humaliza siku 10 hadi 14 chomboni. Majani ya chini yakiwa manjano, au maji ya ndoo yananuka, nenda kwa muuzaji mwingine.

Halafu angalia rangi. Tumba la zambarau likifungukia ndani ya nyumba hutoka limepauka. Kama vitambaa vinafuata rangi ya maua, vilinganishe na yale yaliyofungukia shambani.

Nyambura wa Naivasha
Nimefanya kazi ya kupakia maua. Hayo madoa ni ukungu wa kijivu: maua yalitoa jasho ndani ya nailoni. Zungushia gazeti, juu pawe wazi, yasimame wima kwenye ndoo yenye maji kidogo. Ukifika, kata mashina mshazari sentimita 2 au 3 kwa kisu kikali, toa majani yote yatakayozama, uyaache kivulini saa kadhaa kabla ya kuyagusa tena. Kwa lita moja ya maji tia kijiko kimoja cha sukari na matone machache ya jiki. Sukari peke yake huozesha maji. Badilisha kila baada ya siku mbili, na kila mara ukate shina tena kidogo.

UmmuSalha, Mombasa
Mungu awalipe kheri. Sikusema kwamba ndoo ya maua ililala jikoni, ubavuni mwa kreti ya maembe mabivu. Harusi ni Jumamosi. Ninunue lini?

Nyambura wa Naivasha
Maembe nayo yalichangia, dada. Tunda bivu hutoa gesi inayozeesha maua. Hata kwenye friji yenye matunda usiyatie maua.

MuuzaMaua_Nbi
Nunua Jumatano, usafiri usiku uleule, Alhamisi yapumzike chumba chenye AC, Ijumaa upambe. Ila weka oda wiki hii. Lisianthasi hukaa miezi shambani kabla ya kukatwa, na kuna siku sokoni huzioni kabisa. Mwambie muuzaji wako: "Kila shina, mawili yawe wazi."