Daladala zinageuzia njia panda, mtaani hazifiki. Wananchi tuanzie wapi?

MkaziWaBondeni

Habari zenu wakuu.

Nipo Dar, upande wa Ubungo. Mtaa siutaji kwa sababu viongozi wetu wamo humu. Ruti yetu imeandikwa kwenye gari mpaka mwisho wa mtaa, pale shule ya msingi. Asubuhi magari mawili matatu yanaingia. Ikifika saa kumi na mbili jioni konda anagonga bodi njia panda: "Mwisho wa gari, shukeni tugeuze!" Kutoka hapo hadi kwetu ni kilomita mbili na ushee. Bodaboda buku, mvua ikinyesha buku mbili. Wanafunzi wanatembea gizani, maana bodaboda hana habari na nauli ya mia mbili.

Halafu kuna kalavati limeliwa na maji upande mmoja. Magari mawili hayapishani. Taa hakuna, na kituo hakina kivuli.

Kundi letu la WhatsApp linawaka kila jioni. Kuna wanaotaka tupange mawe barabarani, kuna wanaosema tumchangie diwani mafuta aje aone. Mwenyekiti tulipomfuata akasema usafiri si kazi ya serikali ya mtaa, twende "huko juu". Huko juu ndiko wapi? Aliyewahi kufanikiwa kwenye jambo kama hili anisaidie.

Kijiwe_Saa2

Pangeni mawe mkuu. Watakuja hapo hapo, na difenda mbili.

Karani Mstaafu

Kijana, mwenyekiti wako amesema kweli nusu. Yeye hapangi ruti, lakini karatasi ya kwanza inatoka ofisini kwake.

Ninyi mmefunga matatizo matatu kwenye kifurushi kimoja, na kila mnayemfuata anawarudisha kwa sababu anaona theluthi mbili si zake. Yatenganisheni. Leseni ya daladala na njia inayopita ni LATRA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua kazi za nchi kavu zilizokuwa za SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri wa majini na nchi kavu. Gari lenye leseni ya kufika shuleni likigeuzia njia panda limekatisha ruti. Hilo ni kosa, na wa kulishughulikia ni LATRA pamoja na trafiki. Kalavati ni habari nyingine kabisa. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA tangu 2017, zile kuu na za mkoa ni za TANROADS. Ulizeni kwanza barabara yenu ni ya nani, msije mkapeleka barua nzuri kwenye mlango usio wake. Taa na kivuli cha kituo mtaanza na halmashauri.

Sasa njia. Ombeni mkutano mkuu wa mtaa. Huo si wa wajumbe peke yao, ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Mwenyekiti anaongoza, mtendaji wa mtaa anaandika. Mkishakubaliana, lile azimio liingie kwenye muhtasari, mahudhurio yaambatanishwe, mtendaji agonge muhuri. Kutoka hapo linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani mwenyewe, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Kwa hiyo huyo mwenyekiti aliyewaambia mwende huko juu, huko juu naye amekalia kiti.

Nimekaa ofisi za kata miaka mingi. Wananchi kumi wakija wanafoka, mtendaji anawapa pole na soda. Muhtasari wenye saini mia mbili unamnyima usingizi, kwa sababu akija mkaguzi au mkuu wa wilaya ataulizwa aliufanyia nini.

Suka wa Eicher

Naona tunasemwa, acha niseme upande wetu.

Mimi ni dereva, si ruti hiyo lakini yote ni yale yale. Bosi anataka hesabu yake jioni, hataki kusikia habari ya kalavati. Jioni gari linaingia mtaani limejaa na linatoka tupu, hakuna anayekwenda mjini saa moja usiku. Nikigeuzia njia panda napata kichwa papo hapo, nazunguka trip nyingine. Nikiingia mpaka shuleni natafuna mafuta bure, na likipasuka tairi pale kwenye shimo, la kwangu hilo, bosi hahusiki.

Sisemi tuko sahihi. Ila mkitupeleka kwa trafiki bila kurekebisha barabara, tutaingia wiki moja, afande akiondoka tutarudi kule kule. Wengine watahamisha gari ruti nyingine kabisa, mkose hata ya asubuhi.

MkaziWaBondeni

Suka nimekuelewa, na ndicho kinachonitia wasiwasi. Tukilia sana tutabaki na bodaboda tu.

Karani, asante sana mzee wangu. Swali: mkutano wa mwisho hapa kwetu ulikuwa Jumatano saa nne asubuhi. Walikuja wazee na wenye maduka. Wanaopanda daladala wako kazini saa hizo. Utapata saini mia mbili wapi?

Mama Wawili

Hapo ndipo penyewe. Kwetu (sipataji na mimi) ilikuwa hivyo hivyo mpaka tukamwandikia mtendaji kuomba mkutano uwe Jumapili saa kumi, watu wameshatoka kanisani na waliofua wameshaanua. Tangazo tulibandika kwa muuza chipsi, kwenye genge, kwenye kibanda cha bodaboda na msikitini. Kundi la WhatsApp lisikudanganye, wapiga kelele mle ni walewale, na nusu yao wana magari yao.

Halafu waombeni walimu. Mwalimu mkuu ana orodha ya watoto wanaotoka mbali na anajua nani anachelewa. Barua yake ikiambatana na muhtasari wenu, mnakuwa mmeleta kitu ambacho ofisa yeyote ataona aibu kukiweka droo ya chini.

Jambo jingine, wanawake waongee kwenye mkutano. Kwetu waliongea wanaume saa nzima kuhusu ruti, akasimama dada anayefanya kazi hotelini akasema yeye anashuka saa tatu usiku njia panda na kila siku anampigia kaka yake aje na tochi. Mtendaji aliyaandika hayo neno kwa neno, na ndiyo yaliyosomwa kata.

Mwenye Kiwanja

Mimi nitakuwa kinyume kidogo, mnisamehe. Hawa wanaoshangilia barabara kupanuliwa wamewahi kuona X nyekundu ya bomoabomoa kwenye ukuta? Ukiita serikali ipanue barabara, inakuja na kamba ya kupimia. Ukishakutwa ndani ya hifadhi ya barabara, habari ya fidia ni ndefu. Kuna watu mtaani kwenu watakaa kimya mkutanoni halafu usiku wanakwenda kwa mwenyekiti kulizima. Si wabaya, wana fremu zao pale.

Na kituo kikija, kinakuja na wapiga debe, muziki, na mkojo ukutani kwangu.

Karani Mstaafu

Mwenye Kiwanja ana hoja, na ni heri isemwe mkutanoni kuliko usiku. Ndiyo maana nikasema tenganisheni. Kukarabati kalavati si kupanua barabara. Andikeni hivyo hivyo: "ukarabati wa kalavati lililopo". Kituo kiwe shuleni ambako uwanja upo, kisiwe mbele ya fremu za mtu. Mkiandika "tunaomba barabara iboreshwe" mmejifungulia mlango msioujua unakotokea.

Kuhusu wakati: mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini bajeti inapikwa mapema sana. Vipaumbele vya mitaa na kata vinakusanywa kabla ya mwaka kwisha, baraza la madiwani linapitisha mwanzoni mwa mwaka, Bunge linajadili Aprili hadi Juni. Anayeleta kalavati lake mwezi wa tano, masika yamepamba moto, ataambiwa ukweli: fedha imeshagawanywa, asubiri. Muhtasari wenu ufike kata kabla ya Desemba.

Wa Kayole

Salamu kutoka Nairobi. Kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inalazimisha bunge la kaunti kushirikisha wananchi, kwa hiyo mialiko ni mingi. Tatizo ni kuitwa baada ya mambo kuamuliwa. Mnakumbuka 3 Desemba 2018? Gavana Sonko aliamuru matatu zisiingie katikati ya jiji. Asubuhi hiyo watu walitembea kwa miguu, wagonjwa, wazee, akina mama na watoto mgongoni. Kelele zilivyozidi marufuku ikasimamishwa hata kabla haijazoeleka. Hakuna aliyekuwa amemuuliza mtu wa steji wala abiria.

Nawaambia hivi kwa sababu moja: mwiteni dereva na makanga kwenye huo mkutano wenu. Huyo Suka hapo juu amewapa taarifa ambazo hamtazipata ofisi yoyote.

Suka wa Eicher

Kweli kabisa. Kila ruti ina uongozi wake, mwenyekiti na katibu wa kituo. Mkimwalika anakuja. Mwambieni hivi: jioni magari mawili yaingie kwa zamu, kila gari siku yake, mengine yageuze. Tukishea maumivu hakuna atakayekimbia ruti. Lakini hilo kalavati lazibeni hata kwa mawe na kifusi kwanza, msisubiri mkandarasi.

Binti Sheria

Naongezea machache, maana mengi yamesemwa.

Msiache Baraza la Ushauri la Watumiaji, LATRA CCC. Kazi yake ni kumsemea abiria, na malalamiko ya kukatisha ruti yanapokelewa pale. Nauli zinapopitiwa pia kuna mikutano ya kukusanya maoni. Desemba 2023 nauli ya daladala isiyozidi kilomita 10 ilipopanda kutoka 500 hadi 600, maoni yalikuwa yameshakusanywa. Wenye magari wanakwenda na mahesabu yamepigwa chapa. Abiria tunasoma nauli mpya kwenye karatasi iliyobandikwa kioo cha mbele.

Mkitaka kujua kama kalavati lenu limo kwenye bajeti, ombeni kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inampa raia haki ya kuomba, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30.

Kila barua iwe na nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa "imepokelewa" na tarehe, mrudi nayo nyumbani. Barua isiyo na muhuri wa mapokezi haijawahi kuandikwa.

MkaziWaBondeni

Wakuu nimerudi. Nimeongea na mtendaji, amekubali Jumapili saa kumi. Mwenyekiti amenuna kidogo lakini atakuwepo. Katibu wa kituo cha daladala naye amesema atafika, "ila msinipige mawe". Nimeandika azimio, naomba mnirekebishie:

"Sisi wakazi wa mtaa tajwa tunadai magari yote ya ruti hii yafike mwisho wa ruti muda wote, na tunaitaka serikali itujengee barabara ya lami, taa na kituo cha kisasa haraka iwezekanavyo."

Karani Mstaafu

Lami itoe. Kituo cha kisasa kitoe. Weka hivi:

"Mkutano umeazimia: (1) TARURA iombwe kukarabati kalavati lililopo karibu na shule ya msingi, na ukarabati huo uingizwe kwenye vipaumbele vya kata vya mwaka wa fedha ujao, (2) LATRA iombwe kusimamia magari yenye leseni ya ruti hii yafike mwisho wa ruti, hasa kuanzia saa 12 jioni, (3) uongozi wa kituo na kamati ya mtaa wakubaliane zamu ya magari ya jioni wakati ukarabati ukisubiriwa."

Barua ni mbili, tofauti, kila moja kwa mwenyewe. Muhtasari uambatane na zote. Nakala kwa diwani, mtendaji wa kata na mwalimu mkuu.

Mama Wawili

Na kalamu zipelekwe nyingi. Kwetu ilikuwepo moja, foleni ya kusaini ikafika getini na watu wakaondoka.

Mwenye Kiwanja

Namba 1 hiyo ikibaki "lililopo", mimi nasaini.