Partisheni ya logi kwenye seva ya bakapu imejaa, faili imefutwa lakini nafasi hairudi

kufuli_la_diski

Wakuu, salaam. Nina seva ya bakapu ya Linux. Hifadhi yenyewe ya bakapu ina nafasi tele, ila partisheni ya /var, ya GB 50 yenye mfumo wa faili wa ext4, imefika asilimia 100. Kazi za usiku zinakatika katikati kwa sababu programu inashindwa kuandika kwenye katalogi yake (orodha ya vilivyohifadhiwa), ambayo nayo iko humo humo /var. Kinachonishangaza ni kwamba logi za mfumo zinaendelea kuandikwa kama kawaida.

Aliyekuwa zamu aliona logi moja ya programu ya bakapu imefika karibu GB 30, akaipiga rm (amri ya kufuta). Faili haionekani tena, lakini df -h, inayoonyesha nafasi iliyotumika, haijasogea hata kidogo. Nikitumia du -xsh /var napata GB 17 tu. Zilizobaki ziko wapi?

Wengi wataniambia niwashe seva upya. Siwezi, kuna kazi ndefu ya kunakili inaendelea na ikikatika inaanza mwanzo. Halafu watu wa sapoti wana kesi yetu mkononi na wanataka logi za wiki nzima, pamoja na hiyo iliyofutwa. logrotate, ile ya kuzungusha na kufuta logi za zamani, ipo, imewekwa daily, rotate 14, compress. Nianzie wapi?

bibi_terminali

Anzia kwa kutowasha chochote upya, umeamua vizuri. Ukizima hiyo huduma sasa hivi, logi ambayo sapoti wanaitaka itapotea moja kwa moja. Kwa sasa bado unayo.

Ndugu yangu wa zamu alifuta jina tu. Faili kwenye Linux haiondoki mpaka programu ya mwisho iliyoifungua iiachie, na programu yako ya bakapu bado imeishika na inaiandikia hadi dakika hii. du hupita ikihesabu faili zenye majina, df huuliza mfumo wa faili ni vitalu vingapi vimetumika. Jina likishatoweka, lazima hizo mbili zipishane. Hesabu yako inakubali kabisa: 17 na 30 ni 47, na ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), yaani GB 2.5 hivi kwako. Ndiyo maana logi za mfumo zinapita, zinaandikwa na root, wakati katalogi inayoendeshwa na mtumiaji wa kawaida imefungiwa mlango.

Endesha lsof +L1 ukiwa root. Itakuonyesha faili zilizo wazi ambazo hazina jina tena, pamoja na PID (namba ya programu inayoendeshwa) na FD (namba ya faili iliyofunguliwa na programu hiyo). Tuseme umepata PID 2210 na FD 7. Kabla ya jambo lingine lolote, iokoe:

gzip -c < /proc/2210/fd/7 > /hifadhi/muda/bakapu-logi.gz

Badilisha njia iwe mahali penye nafasi, nje ya /var. Logi ni maandishi yanayojirudia, zitabanwa sana. Kagua kwa gzip -t kwamba faili imekamilika, ndipo uikamue, yaani uifanye tupu, ile ya asili:

: > /proc/2210/fd/7

Nafasi itarudi papo hapo na kazi ya kunakili haitajua kama kuna kilichotokea.

Sasa swali ambalo hukuuliza, na kwangu ndilo kubwa: kwa nini logi moja ifike GB 30? Programu ya bakapu iliyotulia haiandiki hivyo. Nakisia kuna mtu wa sapoti aliyeomba kiwango cha logi kipandishwe hadi debug kwa ajili ya hiyo kesi, na hakuna aliyekirudisha. Katika debug programu huandika mstari karibu kwa kila kipande cha data kinachopita. Kagua hilo kabla hujagusa logrotate.

nyuzi_tano

Naongeza kwa ufupi: weka copytruncate kwenye logrotate, tatizo la faili kushikwa halitajirudia. Inanakili logi halafu inaikamua hapo hapo, programu haihitaji kuambiwa kitu.

bibi_terminali

@nyuzi_tano hapana, si kwa logi ya uchunguzi. Kati ya kunakili na kukamua kuna upenyo, na mistari inayoandikwa wakati huo inapotea kimya kimya. Kwa programu inayoandika kwa kasi ya debug huo upenyo si mdogo, na faili ikiwa kubwa ndivyo unavyozidi kupanuka. Pia nakala huhitaji nafasi yake wakati ya asili bado ipo, kwenye partisheni ambayo tayari inalia. Kama programu inakubali ishara ya HUP ili ifungue logi yake upya, tumia postrotate (amri inayoendeshwa baada ya logi kuzungushwa). Nyingi zinakubali, soma mwongozo wake. copytruncate iwe ya zile zisizosikia kabisa.

Jambo jingine kuhusu kukamua, lisije likamtisha mwenye mada: kama programu haikuifungua faili kwa mtindo wa kuongeza mwishoni, itaendelea kuandika kuanzia pale ilipokuwa. Kwa faili ambayo bado ina jina, ls -l itaonyesha ukubwa wa zamani tena, lakini du itaonyesha kidogo. Faili ina uwazi ndani yake, diski haijaliwa. Angalia du.

Kuhusu ratiba sasa. daily maana yake logrotate huamka mara moja kwa siku, na kwa timer ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) ni usiku wa manane, saa ambayo bakapu nyingi ndiyo kwanza zinachanganya. Hata ukiandika maxsize 2G, ukubwa unapimwa pale inapoamka tu. Ifanye timer iwe ya kila saa kwa systemctl edit logrotate.timer, uandike OnCalendar= tupu kwanza halafu OnCalendar=hourly chini yake, la sivyo ratiba ya zamani inabaki na mpya inaongezwa juu. Na kama unatumia dateext, tarehe pekee kwenye jina haitoshi tena: mzunguko wa pili wa siku ile ile utakuta jina lipo na kurukwa. Tumia dateformat -%Y%m%d-%s.

Na hiyo rotate 14: ni faili 14, si siku 14. Ukiruhusu mizunguko kadhaa kwa siku, wiki ya sapoti haitafika. Panua namba, na maxage ndiyo iweke ukomo kwa siku.

kumbukumbu_baridi

Hizo GB 17 zilizobaki nazo si halali zote. Mimi ningetazama sehemu tatu: journalctl --disk-usage (ukubwa wa journal, yaani logi za systemd), /var/lib/systemd/coredump (nakala za kumbukumbu za programu zilizoanguka), na folda ambamo programu yako hutengeneza vifurushi vya uchunguzi vya kuwatumia sapoti. Kila kifurushi ni nakala nyingine ya logi zile zile, na kesi ikifungwa hakuna anayekikumbuka. Kwa journal weka SystemMaxUse kwenye journald.conf, kwa sababu isipowekwa huweza kufikia asilimia 10 ya partisheni, ukomo ukiwa GB 4.

Vifurushi hivyo vifungue kabla ya kuvituma. Vina majina ya mashine, watumiaji na njia za faili za watu ambao bakapu zao unazitunza.

Na logi zitumwe pia kwa seva nyingine kwa rsyslog (huduma ya kuandika na kutuma logi), kwa TCP. Ukizihifadhi kwenye hifadhi ile ile ya bakapu, siku hifadhi inakataa kufunguka, maelezo ya sababu yatakuwa ndani yake.

kufuli_la_diski

Wakuu, nafasi imerudi. lsof +L1 ilitoa mstari mmoja tu, wenye neno deleted mwishoni, na ni programu ya bakapu kweli. Faili iliyookolewa imebanwa hadi chini ya GB 2, sapoti wameshaipokea. Kazi ya kunakili haikukatika.

Debug ilikuwa imewashwa, bibi. Nimeuliza sapoti kama bado wanaihitaji, wakasema hapana, tangu mapema. Folda ya vifurushi ilikuwa na GB 9, kesi nyingi zimefungwa zamani. Nimebakiza cha kesi iliyo wazi.

Swali moja limebaki: katalogi na logi kukaa partisheni moja, nizitenganishe?

bibi_terminali

Ndiyo, na ihame logi, usiihamishe katalogi. Kazi ya kunakili ikiisha, simamisha huduma, tengeneza partisheni ya /var/log, nakili kwa rsync -aAX ili ruhusa za faili zisibadilike, kisha uiandike kwenye fstab (orodha ya partisheni za kupachikwa mfumo unapowaka). Logi zikijaa tena zitajaziana zenyewe kwa zenyewe.