Kipokezi chenye priselekta na kisicho nayo: kigezo gani cha haki cha kulinganisha?

Waya_Mrefu:
Ndugu wanajamvi, nasikiliza bendi ya mita 40 (megaherzi 7 hivi) kwa kipokezi cha SDR, yaani redio inayochakata mawimbi kwa programu, chenye biti 8. Baada ya kuweka priselekta, yaani kichujio kinachotyuniwa kwenye masafa unayoyataka, kati ya antena na kipokezi, kipimo cha S (kinachoonyesha nguvu ya mawimbi) kimeshuka, ingawa baadhi ya vituo vya redio ya ridhaa vinaeleweka vizuri zaidi. Je, kifaa hiki kinanipotezea mawimbi?

Fundi_Koili:
Kipimo cha S kiweke kando, kwani hakitofautishi mawimbi unayoyataka na takataka nyingine. Linganisha uwiano wa mawimbi kwa kelele. Priselekta hupoteza desibeli kadhaa, lakini kwenye megaherzi 7 kelele inayoingia kwa antena kwa kawaida huizidi sana ile ya kipokezi chenyewe, hivyo mawimbi na kelele hushuka pamoja na usikivu haubadiliki.

Faida iko kwingine. Biti 8 hukupa nafasi ya takriban desibeli 50 tu kati ya mawimbi makubwa kabisa na madogo kabisa, nafasi ambayo kituo kimoja cha AM chenye nguvu kinaweza kuimaliza. Zaidi ya hapo, kituo cha megaherzi 1.1 kikikutana ndani ya kipokezi na kingine cha 6.0, huzaliwa mzimu kwenye 7.1, ambao hewani haupo kabisa. Ili kujua kama unasumbuliwa na mizimu ya namna hiyo, ondoa priselekta na uweke kipunguza-nguvu cha desibeli 10: kituo halisi kitashuka desibeli 10, mzimu wa kujumlisha masafa mawili utashuka 20, na ule wa daraja la tatu (kwa mfano, mara mbili ya masafa ya kituo kimoja ukitoa ya kingine) utashuka 30. Kama hakuna kinachoshuka zaidi ya 10, wala kelele ya chini haitulii, sioni priselekta itakusaidia nini hapo.

Kapasita_Kuukuu:
Nakubaliana, ila usitarajie makubwa dhidi ya jirani wa karibu. Saketi moja yenye Q (kipimo cha ukali wa kuchagua masafa) ya 50, ikiwa imetyuniwa megaherzi 7.1, humpunguza mtangazaji wa 7.2 kwa desibeli 5 hivi tu.

Waya_Mrefu:
Nashukuru. Je, jaribio hilo linafaa pia kwa kipokezi cha zamani cha superheterodaini, kile kinachogeuza kila kituo kuwa masafa ya kati yasiyobadilika?

Kapasita_Kuukuu:
Kwa sehemu tu. Ikiwa masafa yake ya kati ni kiloherzi 455 na osileta (kizalisha-mawimbi cha ndani kinachofanya ugeuzaji huo) iko juu ya masafa unayosikiliza, ukiwa megaherzi 14.2 utamsikia pia mtangazaji aliye 15.11, yaani kiloherzi 910 juu zaidi. Huyo ni kituo halisi kilichoingia kwa mlango usio wake, kwa hiyo kipunguza-nguvu kitamshusha desibeli 10 zilezile kama wengine na hakitakuonyesha lolote. Hapo jaribio lenyewe ni priselekta: iweke, ityuni kwenye 14.2, kisha uangalie nani ameshuka zaidi ya wenzake.