Mnada wa hela tano ya 1909: ni soko, au nimepandishiwa bei na mpambe?

FundiSaa wa Ngamiani

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Mimi ni fundi saa, kibanda changu kiko Ngamiani, na ugonjwa wa hela, sarafu za Mjerumani za enzi za ukoloni, nimeupatia hapo hapo mezani. Mtu analeta saa ya marehemu baba yake ndani ya kijaluba, chini ya saa kuna funguo iliyopata kutu na hela mbili tatu. Anasema hizo tupa tu, fundi. Mimi situpi.

Miaka tisa sasa, trei yangu karibu imejaa. Nusu hela ninayo, hela moja za kumwaga, hela tano yenye tundu ya 1913, hela kumi, na hela ishirini ya Tabora ya 1916, ile waliyoipiga vita ikiwa imewabana. Haina sura, lakini naipenda kuliko zote. Pengo limebaki moja: hela tano kubwa isiyo na tundu. Ilitoka 1908 na 1909 tu, gramu 20, ukiiweka kiganjani unahisi umeshika nati ya lori. (Kila siku tunasema "sina hela", na wengi wetu hatujawahi kuiona hela yenyewe.)

Sasa nimeikuta kwenye mnada wa mtandaoni, muuzaji yuko Ulaya. Ya 1909, herufi J, alama ya kiwanda cha sarafu cha Hamburg, inasomeka vizuri, ina mkwaruzo mdogo chini ya taji kama alama ya ukucha. Ijumaa nikaweka dau langu la mwisho, euro 95, ule utaratibu wa kuficha kiwango chako halafu mfumo unakupandia wenyewe kidogo kidogo. Mwenzangu mmoja, u*a (mnadani majina yanafichwa hivyo), alikuwa ameishia 61. Kwa hiyo bei ikasimama 62, mimi mbele.

Jumapili usiku nimekaa barazani na kahawa, simu mkononi. Zimebaki dakika 14, akaingia k*7. 65. Mfumo ukanijibia 66. Akaweka 68. Kisha 71, 75, 80, hatua kwa hatua kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Alipofika 94 mfumo ukanijibia 95, mwisho wangu. Akaweka 96, akanyamaza. Mnada ukafungwa, yeye kashinda.

Jumatatu saa mbili asubuhi, hata shata la kibanda sijafungua, ujumbe kutoka kwa muuzaji: mshindi hataki tena, je unachukua kwa 95? Ni kiwango changu kile kile nilichokificha! Kajuaje? Wakuu, huyu k*7 si yeye mwenyewe? Nilipe au niache?

MvuviWaDeepSea

Mjomba, umepigwa changa la macho. Njoo mnada wa samaki hapa Deep Sea alfajiri nikuonyeshe kina k*7 watatu. Kapu la changu linanadiwa, mama lishe kafika elfu arobaini, pembeni kuna kijana anapandisha tu: mbili, nne, tano. Sisi hatumtazami mdomo, tunatazama mikono. Mpambe, yaani mpandisha bei wa muuzaji, hana ndoo. Mtu aliyekuja kununua samaki saa kumi na mbili asubuhi atakosaje ndoo? Na siku akipitiliza, kapu likamwangukia yeye, utaliona linarudi chini ya meza na dalali anamgeukia yule mama: haya, chukua kwa bei yako. Hicho ndicho ulichofanyiwa. Usilipe hata senti.

BintiKaole

Kaka fundi, pole. Mimi niko Bagamoyo, nauza na kununua hizi sarafu, na minada nimeshinda na kulia yote. Kuna unalolishuku bure, na kuna kubwa umelipita bila kuliona.

La 95 usilihesabu. Mnada ukifungwa na wewe ukiwa wa pili, dau lako la mwisho si siri tena, liko kwenye orodha kwa sababu k*7 amelipita. Na ofa ya nafasi ya pili kawaida inatumwa kwa kiwango hicho hicho. Hata muuzaji mwaminifu angekuandikia 95.

Kupanda hatua kwa hatua nako si ushahidi peke yake. Wageni wengi hawajui kwamba mfumo unakupandia, wanadhani ni lazima wabonyeze wenyewe kila mara. Nami nilikuwa hivyo mwanzoni.

Lakini saa, kaka. Wewe fundi saa umepitwaje na saa? Mnada umefungwa Jumapili usiku, ofa imekufikia Jumatatu asubuhi. Mnunuzi huwa anapewa siku kadhaa za kulipa. Muuzaji wa kweli anasubiri, anakumbusha, anagombana naye kwanza. Huyu usiku mmoja tu keshajua hataki?

Fungua historia ya madau, umbonyeze huyo k*7. Tazama asilimia ya madau yake kwa muuzaji huyu. Ikiwa 100 bado usishangilie, kwani mtu anayekusanya sarafu za Mjerumani anaweza kuganda kwa muuzaji mmoja. Tazama pia amefuta madau mangapi na amepewa maoni mangapi na wauzaji. Ndiyo hiyo ndoo ya mvuvi.

FundiSaa wa Ngamiani

Dada, nimetazama. Asilimia 100, madau aliyofuta manne, maoni sifuri.

BintiKaole

Basi chukua karatasi, mfute k*7 kwenye mnada wote, uone bei inaishia wapi. Aliyebaki ni u*a na 61 yake. Bei yako halali ni 62. Mwandikie muuzaji hivyo, kwa adabu, bila kumwita mwizi, halafu waripotie wenye tovuti. Zile 33 za juu hakuna mnunuzi aliyezileta.

Na hata ukiipata kwa 62, ipime. Hapa kwetu karibu na ngome watalii wanauziwa pesa ya 1890, sarafu ya Mjerumani iliyotangulia hela, lakini bandia, ya kumiminwa kwenye kalibu. Upande wenye maandishi ya Kiarabu, ule wenye mwaka 1307 wa Hijria, umevimba kama andazi.

MvuviWaDeepSea

Dada unamtetea Mzungu halafu unamkamata. Nimekubali.

FundiSaa wa Ngamiani

Nimerudi, samahani, kibanda kilijaa saa za watu. Niliandika 62. Hakunijibu. Alhamisi sarafu ikarudi mnadani, picha mpya, maelezo mapya, mkwaruzo ule ule chini ya taji. Safari hii sikuweka dau mapema nikawaachia wa kulipapasa. Nilisubiri hadi sekunde nane za mwisho, nikatupa 62.

K*7 hakuonekana kabisa. Imeenda kwa u*a, euro 63.

MvuviWaDeepSea

Mjomba! Euro moja? Si wewe Ijumaa ile uliiona 95 sawa?

FundiSaa wa Ngamiani

Ndiyo niliiona sawa, na mke wangu kaniuliza hilo hilo. Nilikasirika, nikaikaza 62 kama msumari. Pengo liko pale pale kwenye trei. Mwenye hela tano kubwa ya 1908 au 1909, awe Pangani, Muheza au Lushoto, aje nayo Ngamiani. Mizani ya sonara iko jirani, tutaipima mbele yake.