Folda zote kwenye flashi zimegeuka njia za mkato: nianze kusafisha wapi?

Mama Neema

Ndugu zangu, habari za leo. Kompyuta yetu ya nyumbani inatumia Windows 10, na watoto huifanyia kazi za shule. Wiki iliyopita nilipeleka flashi kwenye steshenari moja ili nichapishiwe fomu, na tangu niliporudi nayo kila folda iliyomo imepata kishale kidogo kwenye kona ya alama yake. Nikibofya, folda hufunguka, lakini ukubwa unaoonyeshwa ni kilobaiti chache tu ilhali humo mna picha za familia za miaka mingi. Nilichomeka flashi nyingine mpya, nayo ikapatwa na hali hiyo hiyo. Kijana mmoja amenishauri niifomati flashi, lakini naogopa kupoteza picha. Naomba mnielekeze.

Fundi Tanga

Dada, tafadhali usiifomati. Dalili unazozieleza ni za kirusi kinachoenea kwa flashi, ambacho huzificha folda zako halisi na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Unapobofya, kwanza programu ya kirusi huendeshwa, kisha folda yako halisi hufunguliwa ili usishtuke. Hakikisha kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya njia mojawapo ya mkato, uchague Properties, na usome mstari wa Target: ukiona humo wscript.exe au cmd.exe (programu za Windows za kuendesha amri) badala ya anwani ya folda, hakuna shaka tena.

Kwamba flashi mpya nayo iliambukizwa kunathibitisha kuwa kirusi kimeshahamia kwenye kompyuta, kwa hiyo kompyuta ndiyo ya kusafishwa kwanza. Wengi husafisha flashi, wanaichomeka tena kwenye kompyuta ile ile, na baada ya sekunde chache vishale vinarudi.

Chomoa flashi zote. Ukiwa bado kwenye intaneti, fungua Windows Security, sasisha Microsoft Defender (kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows), kisha kwenye Scan options chagua ukaguzi wa Offline. Hifadhi kazi zako kabla, kwa sababu kompyuta itajizima na kuwaka upya, na ukaguzi huchukua takribani dakika 15. Nauamini zaidi ukaguzi huu kwa sababu hufanyika kabla Windows haijaamka, wakati ambapo kirusi hakijapata nafasi ya kujilinda. Baada ya hapo fanya ukaguzi kamili wa kawaida, hata ukichukua saa kadhaa.

Kompyuta ikiwa safi, chomeka flashi bila kubofya chochote ndani yake, uikague kwa Defender, kisha fungua Command Prompt, yaani dirisha la kuandikia amri. Ikiwa flashi imepewa herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zako zitaonekana tena, nawe ufute njia za mkato pamoja na faili lolote la skripti (yaani la amri) usilolijua lenye mwisho wa .vbs au .js. Ukikuta folda isiyo na jina, usiifute kabla ya kuifungua, kwani baadhi ya virusi hivi hukusanya mafaili yote ya mwenye flashi humo.

Msomaji wa Kisumu

Naunga mkono utaratibu huo, ila ningependa kuongeza jambo kuhusu chanzo. Mwezi Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzuia flashi kujiendesha zenyewe katika Windows XP na Vista, na Windows 7 ilikuwa tayari na kizuizi hicho. Kirusi cha namna hii sasa kinahitaji mkono wa mtu, ndiyo maana hujivika sura ya folda unayoijua. Kwa sababu hiyo, mfundishe kila anayetumia kompyuta hiyo kutazama kishale kabla ya kubofya, na ukienda kuchapisha, beba flashi yenye waraka huo mmoja tu.

Tena, uchunguze kama Defender imezimwa. Programu nyingi za kuamilisha Windows au Office bila leseni humtaka mtumiaji aizime kwanza, na wengi hawaiwashi tena. Kumbuka pia kwamba Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo panga kuhamia toleo jipya kama kompyuta yako inaliweza.

Jambo la haraka zaidi ni maneno ya siri. Tumia simu, wala si kompyuta hiyo, kubadilisha kwanza neno la siri la barua pepe, kisha la benki, na uviondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti hizo, kwa sababu aliyeiba kumbukumbu za kivinjari anaweza kuendelea kuingia bila kuulizwa neno la siri.

Mama Neema

Nawashukuruni sana. Ukaguzi ulikamata vitu viwili, na picha zote zimeonekana. Hata hivyo, kila kompyuta inapowaka hutokea kisanduku kinachosema kwamba faili la skripti halikupatikana. Je, kirusi bado kimo?

Fundi Tanga

Nafurahi kwamba picha zimepatikana, dada. Kisanduku hicho kwa kawaida humaanisha kwamba faili la kirusi limefutwa, lakini agizo la kuliita kila kompyuta inapowaka limebaki. Fungua Task Manager, sehemu ya Startup, uzime kipengele kinachotaja wscript au jina la faili lile. Usipokiona hapo, tumia Autoruns, programu ya bure ya Microsoft inayoonyesha kila kitu kinachojiwasha, pamoja na kazi zilizopangwa kwenye Task Scheduler, na ufute mstari huo peke yake. Kisanduku kikitoweka lakini vishale vikarudi kwenye flashi, nakili picha kwenye diski ya nje, ukiiunganisha na kompyuta nyingine iliyo safi, kisha usimike Windows upya.