Massey 135 ya mzee, niuze bei gani?

Mtu_wa_Njoro: Wadau nisaidieni kabla ya Jumamosi. Tuko na trekta hapa Njoro, Massey 135, mzee aliipata 1963 kwa mzungu aliyekuwa akimwendeshea, sasa imekaa kando ya zizi na kuku wanataga kwa kiti. Broka wa Nakuru anasema laki mbili unusu. Niuze ama ananikula?

FundiSpana: Inawaka? Gia zinaingia? Inainua plau? Tairi za nyuma je? Bei inatoka hapo. Rangi mpya usihesabu.

Nyar_Dunga: Huku Kisumu ukisema Tinga, yaani trekta, tunajua mmoja tu, Raila 😂

MamaKitale: Marehemu bwanangu aliuza yetu akanunua matatu, matatu ikafa hata mwaka haujaisha, na mpaka leo tunakodisha trekta ya jirani ambayo ni ileile yetu. Nasema tu.

Wakili_wa_Kijiweni: Logibuku, ile hati ya umiliki, ni jina la nani?

Mtu_wa_Njoro: Ya mzee.

Wakili_wa_Kijiweni: Na mzee anasemaje?

Mtu_wa_Njoro: Tulimzika 2019. Lakini mimi ndiye nimebaki boma, ndugu zangu wako Nairobi hata hawajui kama inakunywa dizeli ama maziwa. Na broka ashaniachia elfu hamsini, nikalipa fee ya mtoto, sasa mnataka nirudishe nini?

Wakili_wa_Kijiweni: Alaa! Hiyo ni mali ya marehemu, bila karatasi ya korti ya mirathi hata jina huhamishi. Pigia ndugu zako leo.

Kiboko_Msafi: Hekaya hii. 135 ilianza kutengenezwa 1964, mzungu alimwachia 1963 aliiota? Mnachezewa.

FundiSpana: Ama ni Massey 35, ile iliyotangulia 135, zinafanana sana. Sugua kibati cha namba ya kiwanda, halafu fungua boneti uhesabu vipaipu vya dizeli vinavyoingia kwa nozo. Vitatu ni injini ya Perkins, spea ziko. Vinne ni ile injini ya mwanzo, na baridi ya Njoro asubuhi itakutoa jasho kabla iwake, hapo hata bei inashuka.

Mtu_wa_Njoro: Nimeenda na mafuta taa na gunia. Ni 35 kweli, hiyo namba 1 ya mbele ya 35 kwa boneti kuna mtu aliichora na brashi. Vipaipu nimehesabu mara mbili. Vinne.

MamaKitale: Uwi.

Kiboko_Msafi: Weka picha basi.

Mtu_wa_Njoro: Kamera ilipasuka. Na huyu broka ndiye anapiga sasa hivi.