Kwa nini kifo cha Bob Collymore kiliwagusa watu ambao hawakuwahi kumwona?

Mwalimu wa Tudor (ameuliza):

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wasiosalimiana kwa salamu hiyo. Nina swali ambalo limezua ubishi barazani kwetu, na kila likiguswa halifiki mwisho. Bob Collymore, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom, alifariki dunia nyumbani kwake Nairobi siku ya Jumatatu, tarehe 1 Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 61. Siku hiyo hiyo simu za watu hapa Mombasa zilijaa rambirambi, watu wakaondoa picha zao kwenye WhatsApp na kuweka yake, na hata waliokuwa wakinung'unikia bei ya bando kila uchao waliandika kwamba taifa limefiwa na mzazi.

Nami najiuliza. Huyu alikuwa mzaliwa wa Guyana, akahamia Uingereza akiwa kijana, kisha akaletwa Kenya kuongoza kampuni ya biashara. Hakuwa kiongozi wa kupigiwa kura, wala mwanachuoni, wala mchezaji mpira. Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba maombolezo yale yalikuwa ya kuigana tu, sawa na ya Oktoba 2011 alipokufa Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, kampuni inayotengeneza simu za iPhone, na watu wakapanga maua, mishumaa na matufaha yaliyomegwa nje ya maduka ya Apple, ilhali Dennis Ritchie, aliyebuni lugha ya kompyuta iitwayo C na kuunda Unix, programu endeshi ya kompyuta, pamoja na Ken Thompson, alikutwa amekufa nyumbani kwake wiki moja tu baadaye na dunia ikaendelea na shughuli zake. Kuhusu Collymore sikubaliani na mwenzangu huyo, lakini sijapata hoja ya kumnyamazisha. Je, majonzi yale yalikuwa ya kweli? Na kama yalikuwa ya kweli, yalimhusu nani hasa?

Wakala wa Kongowea:

Shikamoo, Mwalimu. Ya Marekani siyajui, kwa hiyo nitakueleza nilichokiona dirishani pangu. Wakati ule nilikuwa nimeajiriwa kwenye kibanda cha M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma na kutoa pesa kwa simu, karibu na soko la Kongowea, na siku ile ya Jumatatu wateja walikuja wakanipa pole. Hawakuwa wakifanya mzaha. Mama mmoja muuza nazi, ambaye kwa kawaida hana maneno mengi na mtu, alikuja kutoa pesa, akaandika kwenye daftari jina lake, nambari ya kitambulisho na kiasi, akatia sahihi, kisha badala ya kuhesabu noti zake kama afanyavyo siku zote akaingiza mkono kwenye tundu la dirisha, akanishika vidole na kusema, "Pole mwanangu, Mungu awape subira huko kwenu."

Huko kwetu! Mimi nilikuwa mwajiriwa wa mwenye duka, na mwenye duka mwenyewe alikuwa wakala tu. Kati yetu hakuna aliyewahi kumwona Collymore ila kwenye televisheni. Lakini hapa petu mtu akifiwa huendewa, watu wakaketi naye na kumhani, na wale waliosikia habari ile hawakujua waende wapi. Nairobi ni mbali, na nyumba ya marehemu haina mlango ambao muuza nazi anaweza kuubisha. Basi kibanda kilichopakwa rangi ya kijani kikawa ndiyo nyumba ya msiba, na aliyeketi ndani akawa ndiye mfiwa. Anayesema watu walikuwa wakiigana aniambie mama yule alikuwa akimwiga nani, maana hakuwa na WhatsApp, na simu yake ilikuwa ya vibonyezo iliyofungwa kwa mpira.

Fundi wa mitambo, Nyali:

Dada yangu, simulizi yako nimeipenda, lakini kuna jambo ambalo lazima liwekwe sawa, kwa kuwa siku zile lilirudiwa mpaka likachosha. Rambirambi nyingi zilimwita marehemu baba wa M-Pesa, na hilo si kweli. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, wakati Safaricom ikiongozwa na Michael Joseph. Wazo lenyewe lilitoka kampuni ya simu ya Vodafone huko Uingereza kwa Nick Hughes, na Susie Lonie akaja Kenya kusimamia majaribio, ambayo hapo mwanzo yalikusudiwa kuwasaidia wakopaji wadogo kulipa mikopo yao kwa simu, mpaka ikabainika kwamba watu walikuwa wakiitumia huduma hiyo kutumiana pesa wao kwa wao. Collymore alishika usukani Novemba 2010. Vilivyozaliwa wakati wake ni M-Shwari ya kuweka akiba na kukopa mwaka 2012, Lipa na M-Pesa ya kulipia dukani mwaka 2013, na Fuliza ya kukopeshwa pesa salio lisipotosha mwanzoni mwa 2019, miezi michache kabla hajafariki. Si vidogo hivyo, na kwa hakika ndivyo vilivyoitoa M-Pesa katika kutuma fedha nyumbani na kuiingiza dukani, kwenye matatu na kwenye deni. Lakini mwenye haki apewe haki yake.

Nakuja kwa Ritchie, Mwalimu, kwa sababu mwenzako wa barazani ameshika jambo zito hata kama ameshika upande usiofaa. Programu endeshi ya iPhone ina nasaba ya Unix, na lugha ya Objective-C iliyotumika kuandikia programu zake siku zile imejengwa juu ya C. Maana yake ni kwamba mtu aliyechukua iPhone yake Oktoba 2011 akaandika jinsi anavyomlilia Steve Jobs alikuwa akiandika kwa kazi ya Ritchie bila kujua, na wiki moja baadaye hakuwa na habari kwamba huyo naye ameondoka, akiwa na miaka 70. Hata hapa kwetu ni vivyo hivyo. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti yake, kisha mwaka huo zikafika Mombasa nyaya za chini ya bahari, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kila rambirambi iliyotumwa ng'ambo siku ile bila shaka ilipita kwenye nyaya kama hizo, hapa hapa ufukweni petu, na hakuna anayeweza kumtaja hata fundi mmoja aliyezitandaza. Kwa maoni yangu watu humlilia aliyesimama mbele. Huo si unafiki, ila ni mapungufu yetu katika kujua, na mimi siwezi kuyasifu.

Mzee wa Kibokoni:

Wanangu, mmezungumza vizuri, lakini naona mmesahau kwamba hapa Mji wa Kale mjadala wa siku zile haukuhusu simu hata kidogo. Collymore alifariki Jumatatu, na Jumanne, tarehe 2, mwili wake ukachomwa kwenye tanuri la Kariokor, Nairobi, mbele ya jamaa wachache. Ibada ya kumkumbuka ikafanywa Alhamisi katika kanisa kuu la All Saints. Ndugu zetu wa bara, waliozoea kamati za mazishi, michango na safari ya kumrudisha maiti kijijini, walishtushwa na ile haraka. Sisi haraka haikutushangaza, kwani maiti wetu tukijaliwa humzika siku hiyo hiyo. Kilichotushangaza ni moto. Kwa hiyo nchi nzima ilishtuka kwa pamoja, ila kila upande ulishtukia kitu chake.

Nilisikia maneno mengi barazani, mengine yasiyofaa kuandikwa hapa, mpaka mmoja wetu akauliza kama majirani zetu Wahindu, ambao wamekuwa wakichoma maiti wao hapa hapa Mombasa tangu enzi za babu zetu, wamewahi kumdhuru yeyote kwa kufanya hivyo. Hapo watu wakanywea. Wengine wakakumbushana kwamba Wangari Maathai alichomwa mwaka 2011 kwa wasia wake mwenyewe, na mwanasiasa Kenneth Matiba mwaka 2018. Mtu huagwa kwa imani yake na wasia wake, na jirani kazi yake ni kutoa pole.

Na kwa kuwa Steve Jobs ametajwa, nikumbushe kitu kilichozungumzwa sana kwetu mwaka ule, kwamba baba yake mzazi alikuwa Mshami wa Homs, Syria. Kuna waliotaka kumfanya Mwislamu aliyefichwa. Maiti hawezi kujitetea, nanyi mnajua jinsi watu wanavyopenda kugawana aliyekufa. Wako pia waliokataa kumlilia. Richard Stallman, bingwa wa programu huria, aliandika siku iliyofuata kifo hicho kwamba hafurahii kifo cha Jobs lakini anafurahi kwamba hayupo tena, kwa sababu ya jinsi alivyowafungia watumiaji ndani ya vifaa vyao. Wengi walimlaani kwa maneno hayo. Mimi hoja yake naielewa. Wakati alioichagulia ndio siuelewi. Kwetu deni la marehemu hutajwa siku ya maziko ili lilipwe, na mengine yote husubiri.

Muuguzi wa Likoni:

Naomba ruhusa ya kuongeza upande ambao wote mmeuruka, nao kwangu ndio mkubwa kuliko yote. Collymore alikufa kwa saratani ya damu. Aliondoka kazini Oktoba 2017 kwenda kutibiwa Uingereza, akarudi Julai 2018, na aliporudi alisimulia hadharani, kwa jina lake, ugonjwa wake na matibabu yake. Anayefanya kazi katika wodi za Pwani anaelewa uzito wa jambo hilo. Huku kwetu saratani huitwa ugonjwa mbaya, au maradhi yale. Jamaa huja kuninong'oneza mlangoni kwamba mgonjwa asiambiwe, na mgonjwa naye huninong'oneza kwamba jamaa wasiambiwe, nami hubaki katikati nimebeba siri ambayo pande zote mbili zinaijua.

Mwezi ule ule wa Julai 2019, tarehe 26, akafariki Ken Okoth, mbunge wa Kibra, na tarehe 29 akafariki Joyce Laboso, gavana wa Bomet, wote kwa saratani. Watu mashuhuri watatu ndani ya mwezi mmoja. Hapo rambirambi ziligeuka kuwa maswali. Watu walianza kuuliza kwa nini mwenye uwezo anapanda ndege kwenda kutibiwa ng'ambo, na mgonjwa wa Kwale au Kilifi wakati ule alitakiwa apande basi la usiku hadi Nairobi kwa ajili ya mionzi, alale kwa jamaa kama anao, na arudi tena baada ya muda huku akiuza mbuzi mmoja baada ya mwingine. Katika wiki zile nilianza kuulizwa kuhusu saratani kwa jina lake, na wanawake kwa wanaume, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa nadra.

Kwa hiyo, fundi, sikubali kwamba watu humlilia aliyesimama mbele kwa sababu hawajui wa nyuma. Wengi niliowasikia walikuwa wakimlilia ndugu yao aliyekufa kwa ugonjwa huo huo na akazikwa bila ugonjwa wenyewe kutajwa. Kifo cha mtu mkubwa kiliwapa nafasi ya kulitamka. Jobs naye aliugua saratani ya kongosho, na kwa muda mrefu habari za afya yake zilitolewa kwa matone. Sijui kama wale waliobandika karatasi kwenye vioo vya maduka ya Apple walikuwa na la kuuliza zaidi ya kuaga.

Mwalimu wa Tudor:

Ahsanteni sana. Bi Muuguzi, umenifungua macho, na ile ya mama muuza nazi nitaipeleka barazani kama ilivyo. Nibakishe swali moja, kwa kuwa najua litakuja: kama majonzi yalikuwa mazito hivyo, mbona yalikwisha mapema?

Mwenye hisa, Majengo:

Mwalimu, nitakujibu kwa ukavu kidogo, mnisamehe wenzangu. Mwaka 2008 serikali ilipouza hisa za Safaricom kwa umma, bei ilikuwa shilingi 5, na watu wengi hapa mjini waliuza hata pikipiki wakanunua. Kisha bei ikashuka chini ya hiyo 5 na kukaa huko kwa miaka, mpaka hisa zikawa jambo la kutaniana. Zilipanda wakati wa Collymore, zikazidi shilingi 25. Mtu aliyekuwa na hisa zake kabatini alipopata habari ya Julai mosi, aliomboleza kwa jicho moja na kwa jingine akaangalia soko la hisa. Simlaumu, kwa sababu nilikuwa mmoja wao, na sioni kwamba jicho moja lilimdanganya jingine.

Ndiyo maana mazungumzo yaligeuka upesi. Kabla hata wiki haijaisha watu walikuwa wakibishana kama mrithi awe Mkenya au mgeni. Michael Joseph akarudishwa kushikilia kwa muda, na jina la Peter Ndegwa likatangazwa Oktoba mwaka huo huo, naye akaanza kazi tarehe 1 Aprili 2020, Mkenya wa kwanza kukalia kiti hicho. Kijiweni kwetu habari hiyo ilipofika, hakuna aliyemtaja marehemu. Swali la kwanza lilikuwa kama mwenzetu huyu atatupunguzia bei ya bando.